Safu ya Tatu

Huku Selkirk, kaskazini ya Winnipeg,
chumvi hatuitii katika maneno.
Tunaimwaga barabarani, gunia kwa gunia,
Novemba mpaka Aprili, barafu ishike adabu;
na ikishamaliza barafu, chumvi huyageukia magari.

Ndiyo maana naanza chini.
Nalala chali juu ya kadibodi, tochi mdomoni,
naligonga gari mbavu kwa ncha ya bisibisi:
penye bati huitika,
penye kutu hunong'ona.
Kisha nainuka, najipangusa, naandika.

Sikuwa hivi.
Zamani hesabu niliibeba kichwani na kujiona hodari,
mpaka niliponunua lori kwa tabasamu la mwenyewe
na giaboksi yake ikatafuna faida ya mwezi mzima.
Mzee Oleksiuk hakunifokea.
Alinisukumia fomu yenye safu tatu:
Makadirio. Halisi. Tofauti.
Akarudi kwenye chai yake.

Jumanne akaja Bi Sigurlaug Thorvaldson
na Subaru ya kijani, ya mwaka elfu mbili na kumi na moja,
gari lililokula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili.
Nikaandika:
matairi ya mbele, mia tatu na themanini;
breki za nyuma, mia mbili na tisini;
kutu juu ya gurudumu la kushoto, mia tano na ishirini;
ufa wa kioo, mia nne na kumi;
harufu na manyoya ya mbwa, mia na themanini.
Nikatoa, nikapata elfu tano kamili.
Nikaipenda ile kamili.

Yeye alikaa mbele yangu, pochi mapajani,
akiisoma fomu kichwa chini, polepole, kama anayesoma dawa.
"Hujaandika hita," akasema.
"Ipi?"
"Ya abiria. Haitoi joto, mwaka wa pili huu.
Einar alikuwa akijifunika blanketi
nilipompeleka kusafishwa damu.
Alikataa tuitengeneze. Alisema, tunafika sasa hivi."

Hita nilikuwa nimeijaribu.
Upande wa dereva.
Nilikaa pale nilipozoea kukaa.

Nikaandika: hita, mia sita na arobaini.
Kalamu haikuona haya, niliona mimi.
Elfu tano ikawa elfu nne mia tatu na sitini,
na mwanamke aliyeipunguza kwa mdomo wake mwenyewe
akatia sahihi, akaandika namba ya simu,
akaniuliza kama angeweza kuchukua blanketi lake.
Lilikuwa bado kwenye kiti, limekunjwa mara nne.

Alhamisi fundi Crisanto akafungua dashibodi,
akacheka, akaniita.
Ndani ya bomba la hewa, kiota cha panya:
maganda ya alizeti,
na manyoya ya mbwa, yale yale
niliyokwisha kuyatoza mia na themanini.
Hita ilikuwa nzima.
Ilikuwa inapuliza miaka miwili
ndani ya nyumba ya panya.

Dakika arobaini za kazi. Dola arobaini na tano.
Nikajaza Halisi.
Nikajaza Tofauti: mia tano tisini na tano.

Mali bila daftari huisha bila habari,
hilo nalijua, limenigharimu lori.
Lakini hakuna aliyeniambia
kwamba mali yenye daftari haikubali kuisha kimya;
hukaa pale katika wino, inakutazama.

Kesho Ijumaa, Mzee Oleksiuk
atashusha kidole chake kinene kwenye safu ya tatu.
Huenda atasema, "Umefanya vizuri."
Hilo ndilo ninaloliogopa.

Karakana imefungwa. Nimewasha Subaru,
nimehamia kiti cha abiria,
joto linanipiga magotini.
Fomu iko mkononi.
Namba yake ipo juu, kwa mwandiko wake,
kila saba imekatwa mstari katikati,
isije ikadhaniwa moja.